Mota Inayotoa Habari

Fungueni madaftari yenu. Leo tutajifunza historia ya mota inayojua mahali ilipofika. Historia hiyo itatusaidia kujua namna ya kuchagua mota.

Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yetu yahamie Dodoma. Tangu mwaka 2016 Serikali ilihamia kwa kasi. Nyumba mpya hutaka milango na makabati. Basi, mfikirieni seremala wa Dodoma anayetaka kujitengenezea mashine ndogo ya kuchonga mbao, inayoongozwa na kompyuta. Anahitaji mota za kupeleka kisu kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Anunue mota za namna gani? Fedha zake ni chache, na ubao wa mninga ukikatwa vibaya hauungiki tena.

Jambo hili lilianza baharini. Meli ya Kiingereza Great Eastern, yenye urefu wa mita 211, iliingia majini mwaka 1858. Usukani wake ulikuwa mzito mno kwa mikono ya watu. Mwaka 1867 ilitiwa mtambo wa mvuke uliobuniwa na McFarlane Gray. Baharia alizungusha gurudumu, na mvuke ukasukuma usukani. Usukani ulipofika pale alipotaka, mtambo ulijifungia mvuke wenyewe. Ulitii amri, tena ulijua wakati wa kusimama.

Mwaka 1873 Mfaransa Joseph Farcot alitoa kitabu juu ya mitambo ya namna hiyo, akaiita servo. Neno hilo lina asili ya Kilatini, na maana yake ni kutumika chini ya amri ya mwingine.

Mwaka 1952, katika chuo cha MIT huko Marekani, wataalamu walionyesha mashine ya kukata chuma iliyoongozwa na tarakimu. Tarakimu zilitobolewa katika utepe wa karatasi, na servo zilisogeza mashine. Wazo hilo lilitoka kwa John Parsons, aliyetaka kutengeneza mapanga ya helikopta kwa usahihi. Mashine hiyo ndiyo babu wa mashine ya fundi wetu.

Sasa turudi Dodoma. Dukani fundi atakuta mota za namna mbili. Ya kwanza ni mota ya hatua. Kwa kawaida huzunguka mara moja kwa hatua 200. Bei yake ni nafuu. Lakini ni kama kijana aliyefungwa macho, akatumwa atembee hatua 200 kutoka zizini. Akijikwaa, huendelea kuhesabu, na wewe hujui kwamba hakufika. Ikiwa skrubu ya mashine husogea milimita 5 kwa mzunguko mmoja, hatua 40 zikipotea tundu la kitasa limehama milimita 1. Tena, kadiri mota hii inavyozunguka kwa kasi, ndivyo nguvu yake inavyopungua.

Ya pili ni servo. Nyuma yake pana kifaa cha kupima mzunguko. Kifaa hicho hupeleka habari kwenye draivu, yaani chombo kinachoipa mota umeme na kuiongoza. Draivu hulinganisha amri na habari, kisha hurekebisha. Kosa likizidi, husimamisha kazi. Lakini bei yake ni kubwa zaidi.

Basi chagueni kwa kazi. Kwa mashine ndogo ya mbao, iendayo polepole, mota ya hatua yenye nguvu ya ziada inatosha. Kwa kazi nzito au ya kasi, servo ni afadhali. Draivu lazima ilingane na mota kwa volti na ampea. Someni kibao chake pia: umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230, laini moja, na draivu nyingine kubwa hutaka laini tatu. Tena kingeni draivu na vumbi la mbao, na vumbi la kiangazi chetu pia.

Maswali:
1. Mtambo wa Great Eastern ulijuaje wakati wa kusimama?
2. Kwa nini mota ya hatua inaweza kukosea bila fundi kujua?
3. Hatua 80 zikipotea, kisu kimekosea milimita ngapi?

Kwaherini, ndugu wanafunzi.