Bunduki ya Umau: Sehemu ya Tatu

Pete ya chuma ilianguka Nunguni saa saba usiku na kufumua matuta mawili ya fanya juu katika shamba la maparachichi nyuma ya soko. Kulipokucha ukungu wa Kilungu ulikuwa bado umejaa mabondeni, na watu walishaizingira. Wazee walikumbushana ile ya Mukuku, kule Mbooni, ya tarehe 30 Desemba 2024: upana mita 2.5, uzito kilo 500, kipande cha roketi kilichotua kijijini mchana kweupe. Huu ni mwaka 2071 na bado vyuma vya wenyewe vinatuangukia sisi.

Lakini pete ya Mukuku ilikuwa nzima. Hii yetu ilikuwa na tundu.

Niliingiza kidole changu cha mwisho, kikaenea. Nikaondoka bila kuaga, nikapanda mlima mbio.

Umau, babu yangu, alikuwa kitandani, mkono wake wa kulia umelala juu ya blanketi kama ulivyolala tangu kiharusi. Nilivuta sanduku uvunguni. Bunduki ilikuwemo, imefungwa kwenye leso ya Susu, nyanya yangu.

Babu yake Umau alikuwa askari wa King's African Rifles, akapigana Burma mwaka 1944 katika Bonde la Kabaw, kwenye matope na malaria, vita ambavyo hakuna aliyemuuliza kama anavitaka. Bunduki yake ya 303 ilibaki kwa wenyewe. Nyumbani alirudi na umbo lake kichwani tu, akamsimulia mjukuu: risasi kumi, kitako cha mbao, uzito wa mtoto mchanga. Baada ya Mukuku, Umau, fundi wa sola hapa sokoni, aliijenga upya. Kitako alikichonga kwa mpingo kama wachongaji wa Wamunyu. Ndani hamna baruti. Mtutu umezungushiwa koili za shaba, nazo huvuta sindano ya chuma kwa nguvu ya umeme. Risasi ya 303 ilikwenda takriban mita 740 kwa sekunde. Sindano ya Umau huenda kilomita nne. Haizuii pete kuanguka. Huipotosha njia.

"Hii si ya kumlenga mtu," aliniambia siku aliyosajili kidole gumba changu. "Ni ya kulinda paa."

Nikabonyeza kitako. Hesabu ikawaka: sindano tatu tulizojaribu pamoja Januari, halafu ya nne. Jana, saa saba kasoro dakika mbili usiku. Mtutu juu, nyuzi 81. Kidole: cha tatu.

"Umau, tuko wawili tu. Cha tatu ni cha nani?"

Akafumba macho. "Kilisajiliwa kabla hujazaliwa."

"Cha nani?"

"Mjukuu wangu, irudishe sandukuni. Sasa hivi."

Nilisimama nayo mkononi nikifikiria mstari wa pete angani. Aliyefyatua alikuwa ameliokoa soko, au alikuwa ameilenga nyumba hii akaikosa kwa shamba moja.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Ilikuwa sauti ya Chifu. Bunduki isiyo na leseni ni jela, na sanduku lilikuwa wazi katikati ya chumba. Niliilaza mezani, nikaitupia leso, mlango ukafunguka. Chifu alivua kofia, akamwamkia Umau kwa heshima. Nyuma yake alisimama mama wa makamo, koti la mvua, viatu vimejaa udongo mwekundu wa shambani.

"Huyu ni mgeni kutoka Nairobi," Chifu alisema. "Anachunguza ile pete."

Mama yule hakunitazama. Alimtazama Umau, na Umau akageuzia uso ukutani. Kisha mama yule akaja mezani bila kukaribishwa, akaondoa leso, akaweka kidole gumba chake juu ya mpingo.

Koili zikaanza kuvuma.

"Baba," alisema, "uliniambia lini kwamba nina mtoto aliye hai?"

Mtutu ulikuwa umeelekea kitandani.

Itaendelea Jumamosi ijayo.