Seli za mzio kwa mtoto mchanga

Seli za mzio ni seli za kinga zinazoleta chafya, muwasho, vipele na kubanwa kifua mwili unapokutana na kitu usichokivumilia, kama vumbi, karanga au dawa. Miongoni mwake, seli za masti hukaa kwenye ngozi, utumbo na njia ya hewa. Nyingine, basofili na eosinofili, husafiri katika damu. Mjerumani Paul Ehrlich alizieleza seli za masti mwaka 1878, katika tasnifu yake ya udaktari.

Kwa mtu mzima, seli ya masti huwa imejaa kingamwili za IgE juu ya utando wake. Kizio, yaani kitu hicho kisichovumiliwa, kikizigusa kingamwili mbili zilizo jirani kwa pamoja, seli humwaga histamini katika dakika chache, mishipa midogo ya damu hutanuka na ngozi ikavimba.

Mtoto mchanga huzaliwa na seli hizo zote. Anachopungukiwa ni IgE. Kingamwili za IgG za mama huvuka kondo la nyuma kwa wingi, ila IgE karibu haivuki, na damu ya kitovu huwa nayo kidogo mno. Hata hivyo, basofili za kitovu zikichokozwa maabara hutoa histamini, kwa hiyo ni kosa kuziita seli butu. Ngozi yenyewe huvimba kidogo kuliko ya mtu mzima hata ikidungwa histamini, na ndiyo maana kipimo cha mzio cha ngozi kwa mtoto mdogo husomwa kwa uangalifu.

Kijusi chaweza pia kujitengenezea IgE. Katika miaka ya 1990, watafiti pwani ya Kenya waliona hivyo katika damu ya kitovu ya watoto ambao mama zao waliishi na minyoo ya kichocho na ya matende.

Kazi ya eosinofili huonekana kwa macho. Siku ya pili au ya tatu baada ya kuzaliwa, watoto wengi waliotimiza miezi tumboni hutokwa na mabaka mekundu kifuani, mgongoni na usoni, kila baka na kipele cheupe katikati. Viganja na nyayo husalimika. Ukikitazama kwa hadubini, kipele hicho kimejaa eosinofili. Si mzio wa maziwa ya mama, na huisha chenyewe kwa wiki moja au mbili. Mama, usikipake dawa wala usimwachishe mtoto ziwa. Ila akipata homa, akikataa kunyonya au vipele vikitunga usaha, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.