Kuingia makumbusho kwa kadi ya maktaba: Ukiwa Mchukwi ufanyeje?

Wengi tunajua kadi ya maktaba ni ya kuazima vitabu. Lakini kwenye baadhi ya miji ya Marekani, kadi hiyohiyo inakuingiza bure makumbusho ya sanaa. Je, mzazi wa Mchukwi, wilayani Kibiti, anayetaka watoto wake waone michoro na vinyago afanyeje?

Pasi inafanyaje kazi?

Maktaba inakubaliana na makumbusho kupata pasi kadhaa za kuingilia. Mwanachama anaweka nafasi, anachagua siku, anaingia bila kulipa au kwa punguzo. Kuna maktaba zinazotoa pasi ya kushika mkononi, ambayo unairudisha kama kitabu. Nyingine unaipata kwenye simu.

Mjini New York, mpango wa Culture Pass ulianza 2018. Maktaba za New York, Brooklyn na Queens ziliungana ili wanachama wenye umri wa kuanzia miaka 13 waingie makumbusho yanayoshiriki. Pasi huwa chache, hivyo anayechelewa kuweka nafasi hukosa.

Hapa kwetu

Maktaba Kuu ya Taifa iko Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere aliifungua 9 Desemba 1967. Uanachama wake ni wa kusoma na kuazima vitabu. Makumbusho unalipa mlangoni.

Ila kiingilio siyo kikwazo kikubwa. Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni kutoka nje, na wanafunzi hulipa kidogo zaidi. Kwa mtu wa Mchukwi, mzigo ni nauli: kwenda na kurudi, zidisha kwa idadi ya watoto, ongeza chakula. Hata pasi ya bure ingekuwepo, gharama hiyo ingebaki palepale. Kwa hiyo cha kupanga vizuri ni safari yenyewe.

Panga hivi

1. Nendeni kwa kundi. Mwalimu mkuu aandike barua makumbusho mapema, aulize bei ya wanafunzi na mtu wa kuwatembeza. Gari moja la kukodi mkichangiana linaweza kuwa nafuu kuliko kila familia kwenda kivyake.

2. Ondokeni alfajiri. Kwa basi, wengi hushukia Mbagala Rangi Tatu, kisha hupanda gari la kwenda Posta. Foleni ya Mbagala hula muda.

3. Unganisha sehemu mbili. Makumbusho ya Taifa iko Mtaa wa Shaaban Robert, katikati ya jiji. Kutoka hapo hadi Maktaba Kuu unaweza kutembea kwa miguu. Siku moja, nauli moja, watoto wanaona vyote viwili.

4. Chukua vitambulisho. Beba cha taifa, na wanafunzi wabebe vya shule au wavae sare. Usije ukadaiwa bei isiyo yako.

5. Kama pesa imebana, nenda kwa wachoraji wa Tingatinga, Morogoro Stores, Oysterbay. Mtindo huo ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972. Unawaona wakichora, na kuangalia hulipii.

6. Kumbuka 18 Mei, Siku ya Makumbusho Duniani. Uliza kama kuna punguzo au maonyesho maalumu.

Kwa nini usumbuke?

Kwa sababu historia ya huku nayo ni kubwa. Mwaka 1999, mtaalamu wa mambo ya kale Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha taarifa ya shanga za Kirumi zilizochimbuliwa eneo la Mkukutu, Kibiti. Maana yake watu wa delta ya Rufiji walikuwa kwenye biashara ya mbali karne nyingi zilizopita. Vilevile Kinjekitile Ngwale, aliyegawa dawa ya maji kabla ya Vita vya Maji Maji, alikuwa mtu wa Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga Mohoro, Agosti 1905.

Mtoto akiyajua hayo kabla ya safari, atafika makumbusho akiwa na maswali yake mwenyewe. Basi kabla ya kukata tiketi, mwulizeni mzee mmoja kijijini awasimulie. Hiyo haina nauli.