Mfano na Ardhi ya Majaribio: Mahali pa Kosa katika Historia ya Vyombo vya Anga za Juu, 1975–1981

Katika miaka ya 1970, wahandisi walitafuta namna ya kupunguza gharama za safari za anga za juu. Marekani ilichagua chombo kinachorudi na kutumika tena. Kampuni ya Kijerumani, OTRAG, ilichagua roketi rahisi ya kutumika mara moja, na ikaijaribu Zaire, magharibi ya Ziwa Tanganyika, ziwa lile lile linalopakana na Bujumbura. Njia hizo mbili zilitofautiana pia kuhusu mahali ambapo kosa lingetokea.

Chombo kinachorudi hakina budi kujulikana tabia yake kabla hakijaruka. Kwa hiyo mifano yake midogo iliwekwa katika mahandaki ya upepo, mitambo inayopitisha hewa kwa kasi kandokando ya mfano uliotulia, kwa zaidi ya saa 40,000. Mmojawapo ulifikia asilimia 36 ya ukubwa halisi. Hata hivyo, Columbia iliporudi duniani Aprili 1981, kibapa chake cha nyuma, kinachosawazisha pua, kililazimika kuinama takriban mara mbili ya makadirio. Mahandaki hayakuweza kuiga joto kali linalovunja molekuli za hewa. Chombo kilisalimika kwa sababu wabunifu walikiachia kibapa nafasi ya ziada.

OTRAG, chini ya Lutz Kayser, ilikabidhiwa na serikali ya Mobutu takriban kilomita za mraba 100,000 katika Shaba, zaidi ya mara tatu ya eneo la Burundi. Roketi zilirushwa Mei 1977 na Mei 1978. Ya tatu, Juni 1978, ilishindwa mbele ya Mobutu mwenyewe. Mwaka 1979, baada ya malalamiko ya mataifa kadhaa, shughuli hizo zilisitishwa.

Mfano haukuondoa kosa; ulilipunguza, na sehemu kubwa yake ikabaki maabarani. Katika Shaba, uwanja wa kukosea ulikuwa ardhi yenye wenyewe. Serikali inayoombwa ardhi ya majaribio ina haki ya kuuliza kwanza: ni makosa gani yamekwisha kugunduliwa kwenye mifano, na ni nafasi gani ya ziada imeachwa kwa yale ambayo mifano haiwezi kuyaonyesha?