Habari za Adapta za Mtandao katika Mfumo wa Linux

Mtu atakaye kuelewa asili ya taabu iliyowapata watumiaji wa Linux kwa muda wa miaka ishirini na zaidi, kila walipochomeka adapta ndogo ya mtandao katika kompyuta zao, hana budi kuanza na mambo mawili yaliyozaliwa mbalimbali. La kwanza ni mfumo wenyewe wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye siku zile alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Mwaka uliofuata aliuweka chini ya leseni iitwayo GPL, inayomruhusu kila mtu kuusoma mfumo huo, kuugeuza na kuugawa, mradi asiwanyime wengine ruhusa aliyopewa yeye. La pili ni njia ya kuunganisha vifaa iitwayo USB, iliyotolewa Januari 1996 na makampuni saba, miongoni mwao Intel, Microsoft, IBM na Compaq. Kabla ya njia hiyo, kipanya kilikuwa na tundu lake, printa tundu lake na modemu tundu lake; na mtu aliyeongeza kifaa kipya mara nyingi alilazimika kuizima mashine, pengine hata kuifungua.

USB iliahidi kwamba mtu atachomeka na kutumia papo hapo. Kwa watu wa Windows ahadi hiyo ilitimia kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa mtengenezaji alitia ndani ya kila kasha diski yenye kiendeshi, yaani ile programu iufundishayo mfumo namna ya kusema na kifaa, ambayo mafundi wa mjini huiita draiva. Kwa watu wa Linux diski hiyo haikuwa na faida. Toleo la 2.4 la kiini cha Linux, lililotoka Januari 2001, lilikuwa limekwisha kuijua njia ya USB yenyewe. Walakini kuijua njia si sawa na kumjua kila apitaye juu yake.

Hapa yafaa kueleza jinsi utambuzi huu unavyofanyika, maana ndipo penye chanzo cha makosa mengi. Kifaa kinapochomekwa, hujitaja kwa namba mbili, kila moja ikiandikwa kwa tarakimu nne za hesabu ya kumi na sita. Namba ya kwanza humtaja mtengenezaji, na ya pili hukitaja kifaa. Kiini huzichukua namba hizo na kuzitafuta katika orodha zilizomo ndani ya viendeshi vyake. Zikipatikana, kiendeshi huitwa kazini. Zisipopatikana, kifaa hukaa pale penye tundu lake, taa yake labda ikiwaka, wala hakuna lolote litokealo. Jina lililoandikwa juu ya kasha halishauriwi hata kidogo.

Nalo jina hilo limewapoteza watu wengi. Chukua adapta ya TP-Link iitwayo TL-WN722N, iliyosifiwa sana miongoni mwa watu wa Linux. Toleo lake la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, nalo likijitaja kwa namba 0cf3:9271, na kiini kililifahamu vema. Kuanzia toleo la pili, jina lilibaki lile lile, lakini ndani mlikuwa na chipu nyingine kabisa ya kampuni ya Realtek, na namba zikawa 2357:010c. Basi mtu aliyesoma shauri la mwenzake la mwaka juzi, akaenda dukani na kununua kitu chenye jina lile lile, alirudi nyumbani na kifaa kisichofahamika. Mtengenezaji hakuvunja sheria yoyote: chipu hubadilishwa kwa sababu ya bei au ya upungufu wa bidhaa, na mnunuzi wa Windows, mwenye diski yake mkononi, hana habari kwamba kitu kimebadilika.

Kutokana na mambo kama haya mafundi wa Linux walijifunza utaratibu wa kuuliza maswali. Swali la kwanza ni kama mashine inakiona kifaa, na amri ya lsusb ndiyo ijibuyo, kwa kuonyesha zile namba mbili. La pili ni kama kuna kiendeshi kilichokidai kifaa hicho. La tatu hujibiwa na shajara ya kiini, isomwayo kwa amri ya dmesg, ambamo makosa huandikwa kwa namba zenye kutisha wasiozizoea. Kosa la -2 katika kupakia programu ya kifaa maana yake faili linalotakiwa halimo. Kosa la -110 maana yake kifaa kiliulizwa, muda ukapita, nacho hakikujibu. Kosa la -71 maana yake mazungumzo yaliharibika njiani, na mara nyingi ubaya u katika waya au katika umeme. Kwani tundu la USB 2.0 limewekewa miliampia 500 tu, na adapta inayopeleka mawimbi mbali huweza kuzimaliza zote, hasa ikigawana tundu na vifaa vingine. Wako watu waliohangaika siku nzima kubadili viendeshi, hali dawa ilikuwa kuhamisha adapta kwenye tundu la upande wa pili.

Lakini utaratibu mwema haumsaidii mtu ambaye kiendeshi chake hakijaandikwa. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 watengenezaji wengi wa chipu za mawimbi walikataa kutoa maelezo ya kazi ya ndani ya bidhaa zao. Ndipo ilipozuka hila ya ndiswrapper, iliyoanzishwa na Pontus Fuchs. Programu hii ilikichukua kiendeshi cha Windows kama kilivyo na kukizungushia mazingira ya bandia, kikafanya kazi ndani ya Linux kikidhani kiko kwao. Iliwafaa watu wengi sana, na hapana haja ya kuibeza. Hata hivyo ilikuwa na madhara yake: kilichokosewa ndani ya kiendeshi hicho hakuna aliyeweza kukisoma wala kukirekebisha, na kikianguka, kiliweza kuuangusha mfumo mzima. Tena iliwapa watengenezaji udhuru wa kukaa kimya.

Dawa ya kudumu ilikuja polepole. Kampuni ya Ralink ilitoa msimbo wa viendeshi vyake chini ya GPL, na kutokana na msimbo huo wakatokea watu wa rt2x00, walioandika upya kwa usafi zaidi. Januari 2007 Greg Kroah-Hartman, aliyekuwa mtunzaji wa sehemu ya USB, alitangaza kwamba kampuni yoyote itakayo itaandikiwa kiendeshi cha Linux bila malipo, na akiombwa, mwandishi atatia sahihi ya kutunza siri za maelezo ya chipu. Julai mwaka ule ule toleo la 2.6.22 likaleta mac80211, msingi mmoja wa kazi za mawimbi ambao viendeshi vingi viliweza kuutegemea, badala ya kila mwandishi kujijengea wake. Zikabaki programu za ndani ya chipu zenyewe, zilizokuwa zimefungwa. Na mwaka 2013 Qualcomm Atheros ilifungua ile ya AR9271, jambo ambalo ni nadra mpaka leo.

Afrika ya Mashariki iliipata taabu hii kwa sura yake yenyewe. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilikuwa kimetoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyosema Kiswahili. Lakini lugha ni jambo moja na kuufikia mtandao ni jambo jingine. Miaka michache baadaye njia ya wengi ilikuwa modemu ya USB iliyouzwa na makampuni ya simu, nyingi zikiwa za Huawei. Modemu hizo zilikuja na udanganyifu wa ajabu. Zilipochomekwa zilijitaja kuwa ni kisomadiski, ili Windows iifungue diski hiyo ya bandia na kukuta kiendeshi ndani yake. Na kiendeshi kikisha kuwekwa, kiliiamuru modemu ivue joho na kuwa modemu. Linux ilikisadiki kifaa kwa neno lake la kwanza. Kilisema ni diski, kikafanywa diski, na mwenye kompyuta akatazama folda yenye programu za Windows. Aliyepatia ufumbuzi ni Josua Dietze kwa programu yake ya usb_modeswitch, ambayo hupeleka amri ile ya kuvua joho; kifaa chenye namba 12d1:1446 hutoweka, na mahali pake huonekana 12d1:1001. Fundi asiyelijua jambo hili angeweza kutafuta kiendeshi cha modemu mpaka kucha, hali modemu bado haijazaliwa.

Kuna sababu nyingine ya kuharibika, nayo huwashangaza zaidi wageni: kifaa kilichofanya kazi jana hakifanyi kazi leo, baada ya mfumo kujipatia toleo jipya la kiini. Watunzaji wa Linux hawakuahidi kamwe kwamba mambo ya ndani ya kiini yatabaki kama yalivyo. Kiendeshi kilichomo ndani ya msimbo mkuu hurekebishwa pamoja na mengine. Kilichoko nje huachwa njiani. Mwaka 2003 kampuni ya Dell ilileta DKMS, programu ya kukijenga upya kiendeshi cha nje kila kiini kinapobadilika, nayo husaidia, ila haiwezi kugeuza msimbo usiolingana tena. Baadaye likaongezeka sharti la sahihi: mashine yenye ulinzi wa Secure Boot huweza kukikataa kiendeshi kisichotiwa sahihi, hata kama ni kizima.

Chipu za Realtek ndizo zilizojaa sokoni kwa urahisi wa bei, na viendeshi vyake vingi vilikuwa nje ya msimbo mkuu. Mtu aliyeubeba mzigo huo kuliko wengine ni Larry Finger, Mmarekani aliyeanza na chipu za Broadcom, zilizochunguzwa pasipo msaada wa mtengenezaji, kisha akageukia Realtek. Mabadiliko yake yaliyoingia katika kiini yapita elfu moja. Mbali na hayo, aliweka hadharani viendeshi vya nje alivyovirekebisha kila mara kiini kilipogeuka, akiwajibu kwa mkono wake watu asiowajua, wengi wao wakiwa hawajui hata namba za kifaa chao. Ni kazi isiyo na jina, nayo haikuwa na mwisho, kwa kuwa kila toleo jipya lilivunja alichokiunga.

Februari 2023 toleo la 6.2 lilikiongezea kiendeshi cha rtw88 uwezo wa kusema na chipu za Realtek za USB, kazi ya Sascha Hauer, na adapta kadhaa zilizoishi nje ya msimbo mkuu kwa miaka zikapata makao ndani yake. Finger naye alikiweka kiendeshi hicho hadharani kwa ajili ya wenye viini vya zamani. Alifariki Juni 2024. Habari ziliwafikia wenzake kwa ujumbe mfupi, na viendeshi alivyoviacha viko palepale alipoviweka, watu wakiendelea kuvichukua.