Mganga, Mwavi na Sheria ya 1928

Ukikaa barazani Newala siku hizi hutakosa mtu wa kusema kwamba mganga na mchawi ni mtu yuleyule: mchana anatibu, usiku analoga. Nimelisikia neno hili hata kwa wasomi, tena wakilitoa kama hekima ya wazee. Si ya wazee.

Ushahidi wa kwanza uko mahali ambapo wachache hutazama, katika kamusi ya A. C. Madan iliyochapwa Oxford mwaka 1903. Madan alikuwa mmisionari wa UMCA, misheni ileile iliyofika Masasi mwaka 1876 na kupanda Newala baada ya uvamizi wa Wangoni wa mwaka 1882. Mtu wa namna hiyo ungetarajia awatie mganga na mchawi katika kapu moja. Hakufanya hivyo. Kila mmoja amempa mlango wake: mganga ni tabibu, mchawi ni mdhuru. Alikuwa anasikiliza Kiswahili kilivyosemwa, na kilisemwa kwa mipaka.

Mipaka yenyewe ilikuwa mingi. Mlozi anatokana na kuloga, yaani kumtupia mtu madhara. Mwanga ni yule wa usiku, anayewanga uchi kwenye nyua na makaburi. Anatisha hata kabla hajamdhuru mtu. Mpiga ramli anasoma tu, na fundi wa pepo anajua ngoma na masharti ya kumtuliza aliyepandwa. Ukipanda uwanda wa Makonde, kila kabila lina lake: Wayao husema msawi, Wamakua mukhwiri, Wamakonde mwavi, na kazi ya mwavi ni uwavi. Msomaji aangalie hapa, kwa maana upande wa Nyasa mwavi ni mti wa kiapo, ambao gome lake hunyweshwa mshukiwa. Jina hilohilo, huku ni la mtuhumiwa, kule ni la hakimu wake.

Wanaosema mganga ndiye mchawi wana hoja moja nzito, na naiheshimu. Harry West, aliyefanya utafiti Mueda, kwa Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, alikipa kitabu chake cha mwaka 2005 jina Kupilikula, maana yake kupindua. Mganga anaupindua uwavi kwa kuujua. Asiyeingia katika ulimwengu ule usioonekana hawezi kumwona anayekula watu humo. Hata wakuu wa vijiji walidhaniwa kuwa na uwavi wa kujenga, wa kulinda watu wao usiku. Kwa hiyo ujuzi ni mmoja, na dawa, mitela, hutoka porini palepale. Lakini soma tena: kinachopambanua ni upande ambao ujuzi umeelekezwa. Mzee wa Newala akiulizwa juu ya mtu fulani hutaja alichofanya, nani aliugua, nani alipona. Lugha yake inahukumu kitendo. Anayeruka kutoka ujuzi mmoja hadi mtu mmoja ameacha nusu ya maneno ya watu hawa njiani.

Wajerumani walikuwa na neno lao Zauberer, lisilo na mpaka wowote. Liliwatosha kwa Kinjikitile wa Ngarambe, waliyemnyonga Mohoro Agosti 1905 kwa ajili ya maji yake. Karl Weule alipokuja kukusanya mila hapa Newala mwaka 1906, moshi wa vita ya Maji Maji ulikuwa bado haujatua.

Jeraha kubwa, kwa maoni yangu, ni sheria ya uchawi ya Waingereza ya mwaka 1928. Tafsiri yake ya uchawi inakusanya ulozi, kuroga, kutumia vifaa vya uchawi na hata kudai tu kuwa na nguvu au elimu ya siri. Tazama nani wameingia humo: mlozi, mpiga ramli, fundi wa pepo, na mganga aliyeitwa na kijiji kizima kuja kumtafuta huyo mlozi. Kumtaja mtu kuwa mchawi nako ni kosa, na mkuu wa wilaya alipewa uwezo wa kumhamisha mshukiwa akakae penginepo. Hatari ya kuwatuhumu watu ilikuwa ya kweli, siikatai; vikongwe wameumia. Ila watunga sheria hawakuuliza kwa nini Nguvumali, mganga aliyetungiwa utenzi na Hasani bin Ismail, alipokewa pwani ya kusini kama mkombozi. Watu walikuwa wakitafuta hakimu, wakaambiwa hakimu na mshtakiwa ni wamoja. Nao watoto wao wakalirithi neno la sheria wakidhani ni la babu.

Kanisa sitalikalia sana. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, aliupa unyago wa wavulana mahali katika ibada, na anastahili sifa zake. Mganga hakupata mlango kama huo.

Sheria ya 1928 bado ipo, Sura ya 18. Pembeni yake imekuja sheria ya tiba asili ya mwaka 2002, inayomsajili mganga, na wilaya zetu zote zina Mganga Mkuu bila mtu kushtuka. Kisha Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, Waziri wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe, mbunge wa Nachingwea, jirani zetu, alipiga marufuku wapiga ramli. Katika kusema jambo hilo Kiswahili kilishika maneno mawili, ramli chonganishi. Ramli haikuachwa peke yake ibebe kosa. Ilibidi iambiwe imefanya nini, imechonganisha. Hilo wazee wa uwanda wangelielewa bila mkalimani.