Kasha Lipi la Taa? Tao la Kaboni na Zenoni katika Urejeshaji wa Majumba ya Sinema ya Zamani

Utangulizi

Mijadala kuhusu urejeshaji wa majumba ya sinema ya zamani hujikita zaidi katika sura ya jengo: uso wa mbele, viti, dari na rangi za kuta. Chumba cha mitambo huachwa mwisho, ilhali ndicho kinacholifanya jengo kuwa sinema. Ndani ya chumba hicho, uamuzi mgumu zaidi ni uteuzi wa kasha la taa, yaani sehemu ya projekta inayobeba chanzo cha mwanga, kioo cha kuakisi na njia ya kutolea joto. Makala haya yanadai kuwa uteuzi huo ni suala la kihistoria kabla ya kuwa suala la kiufundi, na kwamba uasilia wa kutetewa ni ule wa mwanga unaofika kwenye pazia.

Tao la kaboni

Kwa zaidi ya nusu karne, majumba makubwa yalitegemea tao la kaboni. Vijiti viwili hugusanishwa na kisha kutenganishwa kidogo, umeme wa mkondo mnyoofu ukaruka katikati yake na kutoa mwanga mkali. Vijiti huliwa na moto kadiri onyesho linavyoendelea, hivyo mwonyeshaji hulazimika kulinda nafasi kati yake na kuvibadilisha mara kwa mara. Moshi na vumbi lake vilihitaji dohani ya kuvitoa nje ya jengo. Baadaye, tao lenye nguvu zaidi, lililotokana na ugunduzi wa Mjerumani Heinrich Beck, liliongeza weupe wa mwanga na kuwezesha mapazia mapana.

Hitaji hilo liliongezeka ghafla mwaka 1953, CinemaScope ilipoingia sokoni. Hesabu yake ni nyepesi: pazia likiongezwa upana na kimo mara mbili, eneo lake huwa mara nne, na mwanga unaohitajika huwa mara nne vilevile. Mwanga zaidi ulimaanisha joto zaidi kwenye dirisha la filamu. Filamu za naitreti, ambazo utengenezaji wake ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1950, hushika moto kwa urahisi na huendelea kuungua hata zikizamishwa majini. Kuja kwa filamu za asetati kulipunguza hatari hiyo, lakini hakukuondoa uwezekano wa nakala kuharibiwa na joto.

Taa ya zenoni

Katika miaka hiyohiyo ya 1950, taa ya zenoni ilianza kutumika katika sinema, Ujerumani ikitangulia. Hii ni tungi ya kioo cha kwatzi yenye gesi iliyoshindiliwa, inayoweza kutumika kwa mamia ya saa bila kuguswa. Hatari yake ni mlipuko. Ndiyo maana fundi huvaa kinga ya uso na glavu anapoibadilisha.

Athari yake ya kijamii ilikuwa kubwa kuliko ya kiufundi. Chini ya tao la kaboni, projekta mbili zilipokezana. Rili ya futi 2,000 huenda kwa takriban dakika 22 katika kasi ya picha 24 kwa sekunde, na kila mwisho wa rili ulihitaji mkono na jicho la mwonyeshaji. Zenoni iliwezesha projekta moja kuonyesha filamu nzima iliyounganishwa kwenye sahani kubwa ya mlalo. Mwonyeshaji aliyekuwa fundi akageuka mwangalizi wa mashine kadhaa, na nakala zikaanza kukatwa na kuungwa kila zilipohama jumba.

Mfano wa Majestic, Zanzibar

Jumba la Majestic katika Mji Mkongwe lilijengwa upya mwaka 1955, baada ya jumba lililolitangulia, Royal, kuteketea kwa moto. Mwaka huo unaliweka kwenye njia panda: baada ya CinemaScope na mwisho wa utengenezaji wa naitreti, lakini kabla ya zenoni kuenea duniani. Kwa kigezo cha tarehe pekee, kasha linalostahili jumba la umri huo ni la tao la kaboni. Hoja hii ina uzito, hasa katika mji ulioorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Hata hivyo, Mkataba wa Venice wa 1964 unatambua kuwa matumizi yenye manufaa kwa jamii husaidia kuhifadhi jengo. Kasha la kaboni lisilo na vijiti vya kutosha wala fundi aliyezoea kulitumia ni pambo tu. Njia ya kati, ya kuweka tungi ya zenoni ndani ya kasha la kale, huhifadhi umbo la nje, lakini kasha hilo halikuundwa kuzuia vipande vya mlipuko. Katika mji wa pwani, chumvi ya hewani nayo hula metali na kufifisha vioo vya kuakisi, hivyo upatikanaji wa vipuri hauna budi kuwa kigezo cha awali.

Hitimisho

Zenoni na projekta moja viliingia pamoja katika majumba mengi, lakini havilazimiki kubaki pamoja. Uteuzi unaopendekezwa ni makasha mawili ya zenoni yanayolingana, juu ya projekta mbili zinazopokezana, yenye vioo vinavyopitisha joto nyuma badala ya kulielekeza kwenye filamu. Nguvu ya taa ikadiriwe kwa ukubwa halisi wa pazia, kufikia kiwango cha kandela 55 kwa mita ya mraba bila filamu dirishani. Kasha la kaboni, pale lilipo, litunzwe chumbani humo likiwa ushahidi. Mpangilio huu unakidhi sharti la hifadhi nyingi za filamu kwamba nakala zao zisikatwe, na unarejesha kazi ya mwonyeshaji. Jumba lililorejeshwa bila kazi hiyo litakuwa limepata kuta zake na kupoteza sinema yake.